Ua Kufa kwa Kiu Ndani ya Ndoo ya Maji

  Mlioko nyumbani, sogezeni redio karibu. Na wewe uliyeko bustanini na jembe mkononi, hebu pumzika kidogo kivulini tuzungumze.

Leo sitazungumza juu ya mahindi wala maharage. Nataka tuzungumze juu ya maua ya kukata, yaani mawaridi, gladiola, karnesheni na mengineyo yanayopelekwa mjini kuuzwa. Najua wapo watakaosema, "Bwana shamba naye! Maua yanaliwa?" La, hayaliwi. Lakini mama mwenye robo eka ya maua kwenye miteremko ya Mlima Meru, anayepanda basi kwenda Arusha mjini na ndoo mbili za mawaridi ya harusi, hurudi jioni na unga, sukari na sabuni. Kwa mama huyo maua ni chakula.

Mashamba makubwa ya maua, ya huko Naivasha nchini Kenya na haya ya kwetu Arusha, yana vyumba vya baridi, mashine za kuchuja maji na wataalamu wao. Hao hawanihitaji mimi. Nazungumza na mkulima mwenye kisu, ndoo na kiti cha nyuma cha basi.

Nianze kwa kuungama kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alinisimamisha njiani. Alikuwa amepata kazi ya kupeleka mawaridi 60 kwenye harusi ya Jumamosi, na alitaka kukata maua Alhamisi ili Ijumaa apate nafasi ya kuyafunga. Akaniuliza afanyeje yasinyauke. Mimi nilikuwa juu ya pikipiki, injini inanguruma, nimechelewa mkutano. Nikamwambia, "Tia sukari kwenye maji, mama," nikaondoka. Sikusema sukari kiasi gani. Sikuuliza ndoo yake ikoje.

Basi yule mama alinunua nusu kilo ya sukari akaimimina yote kwenye ndoo ya lita tano. Aliwaza kama mtu yeyote angewaza, kwamba ikiwa kidogo kinasaidia, kingi kitasaidia zaidi. Ndoo yenyewe ilikuwa ya maziwa, imesuuzwa tu kwa maji baridi. Jumamosi alfajiri majani ya mawaridi yalikuwa yamekauka pembeni kama karatasi iliyopitishwa juu ya moto. Vichwa vya maua vimeinama. Maji yamekuwa kama ya kuoshea mchele, tena yanateleza ukiyagusa. Wenye harusi waliyakataa, na wala siwalaumu. Pesa zile zilikuwa za sare na madaftari ya watoto wawili.

Mama hakunigombeza. Alikuja ofisini, akaweka waridi moja juu ya meza yangu, akasema, "Bwana shamba, maua haya yamekaa ndani ya maji siku mbili. Yamekufaje kwa kiu?"

Nilimweleza maneno mengi siku ile, lakini swali lake sikulijibu. Leo nataka kulijibu, maana nimekuja kuona kwamba mtu akilielewa swali hilo moja hahitaji kukariri kanuni nyingi za kutunza maua.

Twende kwanza jikoni. Mnajua kachumbari. Ukikata vitunguu na nyanya ukaviweka kwenye bakuli bila chumvi, vinakaa vikavu kiasi. Tia chumvi, geuka uangalie nyama motoni, kisha rudi. Bakuli lina maji! Nani kayatia? Hakuna. Yametoka ndani ya kitunguu na nyanya zenyewe. Na kitunguu kilichokuwa kigumu sasa ni laini, kinapinda.

Sasa fanya kinyume chake. Chukua zabibu kavu chache uziweke kwenye kikombe cha maji matupu usiku. Asubuhi utazikuta zimevimba, ngozi imenyooka. Hapa maji yameingia.

Mambo haya mawili ni jambo moja. Kila mmea umejengwa kwa vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho, ambavyo wataalamu huviita seli. Kila seli ina maji ndani, na katika maji hayo kuna sukari na chumvichumvi zilizoyeyuka. Seli imezungukwa na utando mwembamba. Utando huu unayaruhusu maji kupita kwa urahisi, ila sukari na chumvi unazizuia. Basi maji yana tabia hii: yakiwa na utando wa namna hiyo katikati, yatatoka upande ulio mwepesi, wenye vitu vichache vilivyoyeyuka, yaende upande ulio mzito. Chumvi ya kachumbari imefanya maji ya nje yawe mazito kuliko ya ndani ya kitunguu, kwa hiyo maji yametoka. Zabibu ina sukari nyingi ndani, kwa hiyo maji yameingia. Mwendo huu wa maji huitwa osmosisi. Sio jambo la jana. Mnamo mwaka 1748 Mfaransa mmoja, Jean-Antoine Nollet, alijaza chupa pombe kali, akaifunga mdomo kwa kibofu cha mnyama na kuizamisha ndani ya maji. Kibofu kikavimba kwa nguvu kama kinachotaka kupasuka. Maji yalikuwa yanajipenyeza kuifuata ile pombe.

Shikeni hilo, sasa turudi kwenye bustani.

Waridi likiwa bado juu ya mti wake, mizizi ndiyo inayofanya kazi ya kupokea maji. Seli za mizizi zina maji mazito kuliko maji ya udongo, kwa hiyo maji ya udongo huingia kwa osmosisi. Na kwa sababu ni lazima yapite kwenye utando wa seli hai, mzizi ni kama mlinzi mlangoni. Anapekua. Maji pita, chumvi hii pita kidogo, takataka rudi nje. Ndiyo maana udongo wenye chumvi nyingi huua mmea hata ukiwa umelowa, kwa kuwa maji ya udongo yamekuwa mazito na mzizi hauwezi kuyavuta. Wale mlio karibu na bahari mnalijua jambo hili vizuri. Maji ya bahari yana kiasi cha gramu 35 za chumvi katika kila lita, na hakuna mchicha utakaoyanywa hayo.

Halafu wewe unakuja na kisu, unakata. Nini kimetokea?

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, na mimi nilikosea. Tunadhani lile shina lililokatwa linakunywa maji kama mzizi ulivyokuwa ukinywa. Sivyo. Ndani ya shina kuna mirija myembamba mingi inayopandisha maji juu. Mirija hiyo ni seli zilizokwisha kufa, zikabaki kuta zake tu, tupu ndani kama mrija wa kunywea soda. Pale ulipokata hakuna utando wala mlinzi. Chochote kilichomo ndani ya ndoo, kiwe maji, sukari, chumvi, uchafu au vijidudu, kina njia nyeupe ya kuingia.

Kwa hiyo osmosisi haifanyi kazi pale chini penye kidonda. Nguvu inayoyapandisha maji inatoka juu. Majani yana vitundu vidogo vinavyotoa mvuke, na kila tone linalotoka hewani linavuta jingine nyuma yake. Maji ndani ya mirija yameshikana kama kamba, na kamba hiyo inavutwa kutoka juu. Wanasayansi wawili wa mjini Dublin, Henry Dixon na John Joly, ndio walioeleza jambo hili mnamo mwaka 1894, na ndivyo tunavyofundisha hadi leo.

Je, osmosisi iko wapi basi? Iko juu, kwenye majani yenyewe na kwenye petali, yaani vile vijani laini vya rangi vinavyofanya ua liwe ua. Huko kuna seli hai zenye utando. Maji yaliyopanda kwenye mrija yanafika pale, na seli ikiwa na sukari ya kutosha ndani yake inayavuta, inajaa, inakuwa ngumu kama mpira wa miguu uliotiwa upepo. Ua lililosimama wima na kunyooka vizuri ni maelfu ya vimpira hivyo vimejaa. Vikipungukiwa, ua linalegea.

Tena hapa kuna jambo la kupendeza ambalo ningependa kila muuza maua alijue. Mnafikiri waridi hufunguka kwa nini? Lile tumba limehifadhi wanga ndani ya petali zake, kama tunavyohifadhi mahindi ghalani. Siku ya kufunguka inapokaribia, wanga ule unageuzwa kuwa sukari. Sukari ikishakuwa nyingi, maji ya ndani ya seli yanakuwa mazito, osmosisi inavuta maji, seli zinatanuka, petali zinajisukuma nje. Ua linafunguliwa na maji, na maji yanaitwa na sukari.

Ukielewa hayo utaona kwa nini ukikata tumba changa mno halifunguki. Ghala lake bado ni tupu, shingo yake bado laini, na baada ya siku moja tu kichwa kinainama. Kwa soko la karibu, kata waridi wakati vile vijani vya kijani vinavyoshika tumba vimeshakunjuka kuelekea chini, na petali moja au mbili za nje zimeanza kuachia. Gladiola ikate wakati maua mawili matatu ya chini yameonyesha rangi. Yaliyobaki yatafunguka yakiwa ndani ya ndoo, kuanzia chini kwenda juu, mradi yapate maji na sukari. Na gladiola isafirishwe ikiwa imesimama! Ukiilaza usiku kucha ncha zake hujikunja kutafuta juu, na hazinyooki tena sawasawa.

Sasa tunaweza kurudi kwenye ndoo ya yule mama. Kulikuwa na makosa matatu mle ndani, na moja ni langu.

Kosa la kwanza ni sukari nyingi. Nusu kilo kwa lita tano ni gramu 100 kwa kila lita. Maji hayo mazito yalipanda kwenye mirija, kwa maana hakuna mlinzi wa kuyazuia, yakafika kwenye majani. Majani yakatoa maji kama mvuke, lakini sukari haiwezi kuruka hewani. Ikabaki pale, nje ya seli, ikazidi kulundikana. Mnakumbuka kachumbari? Nje pakiwa pazito kuliko ndani, maji hutoka ndani ya seli. Jani la waridi lilikuwa linanyonywa na sukari ileile tuliyompa iwe chakula. Zile kingo zilizokauka kama zimeungua ndipo sukari ilipokusanyika zaidi.

Kosa la pili ni ndoo chafu. Maziwa yaliyobaki kwenye kuta za ndoo ni chakula cha bakteria, na sukari ni karamu yao. Bakteria waliongezeka, wakafanya ule utelezi, utelezi ukaziba midomo ya mirija. Hapo hata kama juu kuna kiu kiasi gani, na osmosisi inaita kwa nguvu zake zote, maji hayapandi. Bomba limeziba. Hiyo ndiyo sababu ya vichwa kuinama. Shingo ya waridi ni sehemu laini, haina mti mgumu wa kuishikilia. Inasimama kwa nguvu ya maji tu, kwa hiyo maji yakikatika inaanguka ya kwanza.

Kosa la tatu sikuliambiwa siku ile, nililijua baadaye nilipomtembelea. Mama alikuwa akikata maua yote 60, anayarundika chini, kisha ndiyo anakwenda kutafuta ndoo. Ile kamba ya maji niliyosema inavutwa kutoka juu, ukiikata chini na kuiacha hewani, inarudi juu na hewa inaingia nyuma yake. Baadaye unapotia shina kwenye maji, maji yanaikuta hewa imeketi ndani ya mrija, na kamba haiungi. Ni kama pampu iliyoingia hewa. Unapiga, unapiga, haitoi.

Kwa hiyo mama yangu yule alipoteza maua yake kwa njia tatu kwa pamoja, nayo yakiwa yamezama majini nusu ya urefu wao.

Haya, chukueni kalamu. Nitasema polepole.

Usiku wa kuamkia siku ya kuvuna, mwagilia bustani vizuri. Osha ndoo kwa sabuni na brashi, suuza, halafu suuza tena. Ndoo ya plastiki ni nzuri kuliko ya bati, kwa kuwa tutatia maji ya limau, na ndimu na bati havipatani. Mimi huwaambia watu hivi: ikiwa wewe mwenyewe huwezi kunywa maji kutoka kwenye ndoo hiyo, na ua lisinywe.

Kata asubuhi na mapema, saa kumi na mbili au saa moja, kabla jua halijaanza kuwaka. Mmea umekunywa usiku kucha na seli zake zimejaa. Ukikata saa nane mchana unakata ua ambalo tayari lina deni. Tumia kisu kikali au mkasi mkali. Kisu butu kinasaga mirija badala ya kuikata. Na wale wanaopondaponda ncha za mashina kwa jiwe au nyundo ili yanywe zaidi, tafadhali acheni. Mnaziba mlango mnaotaka kuufungua. Nenda na ndoo bustanini, ua likikatwa liingie majini papo hapo.

Ondoa majani yote yatakayozama. Jani likiwa ndani ya maji linaoza, na likioza tunarudi kwenye habari ya bakteria. Ya juu yaache kiasi, maana ndiyo yanayovuta, lakini yakiwa mengi mno yanamaliza maji kabla hayajafika kwenye ua.

Ukifika nyumbani, ingiza ncha za mashina kwenye beseni la maji na uzikate tena humohumo ndani ya maji, kiasi cha sentimita mbili au tatu, kwa mshazari. Ukikata chini ya maji, kinachoingia kwenye mrija ni maji, siyo hewa. Kwa mawaridi tumia maji ya uvuguvugu, kama yale ya kumwogeshea mtoto. Yanapanda upesi na yana hewa kidogo ndani yake. Halafu yaweke maua kivulini mahali pa baridi, pasipo upepo, kwa muda wa saa mbili au tatu kabla ya kuyafunga. Upepo huongeza mvuke, na mvuke ni maji yanayotoka.

Sasa dawa ya maji. Kwa kila lita moja ya maji safi:

Sukari, kijiko kimoja cha mezani, kilichojaa usawa, siyo kichuguu. Maji ya limau au ndimu, yaliyochujwa, vijiko viwili vya mezani. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, ile ambayo watu huiita Jik, robo ya kijiko cha chai, basi.

Kwa ndoo ya lita kumi, zidisha kwa kumi. Sukari vijiko kumi, ndimu vijiko ishirini, na dawa ya klorini vijiko vya chai viwili na nusu. Angalizo: usichanganye ndimu na klorini vikiwa vikali peke yake kwenye kikombe, kwa sababu hutoa moshi unaochoma kifua. Mimina maji kwanza, kisha kimoja, koroga, kisha kingine. Na watoto wasiyanywe, hata kama yananukia ndimu.

Kila kimoja kina kazi yake. Sukari inapanda hadi kwenye petali na kujaza lile ghala, ili osmosisi iwe na kitu cha kuitia maji. Ndimu inafanya maji yawe na uchachu, na maji yenye uchachu hupanda vizuri zaidi kwenye mirija, tena bakteria wengi hawayapendi. Klorini inawaua wanaobaki. Ukitia sukari peke yake, kama nilivyomwambia yule mama, umewapikia bakteria. Ikiwa huna ndimu wala klorini, basi usitie sukari kabisa. Maji matupu safi yanayobadilishwa kila siku ni bora mara kumi.

Kuna wanaotia soda ile nyeupe yenye ladha ya limau. Watu wanacheka, lakini si upuuzi. Soda ina sukari na ina uchachu. Sehemu moja ya soda kwa sehemu tatu za maji, pamoja na tone la klorini, inafanya kazi. Ila hesabu gharama zako. Sarafu za shaba na vidonge vya maumivu ya kichwa, ambavyo nimeviona kwenye vyungu vya maua, msivitegemee.

Na chumvi? Nimeulizwa mara nyingi, kwa kuwa chumvi huzuia samaki asioze. Samaki amekwisha kufa. Chumvi inazuia kuoza kwake kwa kumnyonya maji, na ndiyo sababu ng'onda ni mkavu. Ua ni hai bado. Ukilitia chumvi unalifanya ng'onda.

Neno moja juu ya maji yenyewe, hasa kwa watu wa Arusha na kandokando ya Meru. Maji ya visima na chemchemi nyingi za huku kwetu yana fluoridi nyingi, ndiyo inayowapa watoto wetu meno ya rangi ya kahawia. Gladiola haiwezi fluoridi hata kidogo. Kingo za petali zake huungua na maua ya juu hukataa kufunguka, wakati mawaridi kwenye maji hayohayo hayajali sana. Hii siyo osmosisi tena, ni sumu, nayo inapanda kwenye shina kwa sababu ileile kwamba mlinzi hayupo. Kuyachemsha hakusaidii, kunapunguza maji na fluoridi inabaki. Kinga maji ya mvua kwenye bati, uyaweke kwa ajili ya gladiola. Hata kwa watoto yatafaa.

Wasikilizaji wa Tanga, Unguja na Pemba wataniuliza habari za asumini. Asumini za kikuba hazina shina la kunywea, kwa hiyo haya yote ya ndoo hayazihusu. Kwao kazi ni moja tu, kuzuia maji yaliyomo yasitoke. Bibi zetu wanaozifunga kwenye jani la mgomba na kuziweka mahali pa baridi hawakungoja bwana shamba awafundishe.

Safarini, msiweke maua pamoja na ndizi mbivu au maembe mabivu. Matunda yanayoiva hutoa hewa inayozeesha maua, na karnesheni ndiyo huumia zaidi. Ni mada ya siku nyingine.

Na ikiwa umefika mjini, ukakuta mawaridi yako yamelegea shingo, usiyatupe bado. Omba beseni kubwa. Kata ncha tena ndani ya maji, kisha lilaze ua zima, shina, majani na kichwa, ndani ya maji ya uvuguvugu kwa muda wa saa moja hivi. Kama tatizo lilikuwa hewa kwenye mrija, mengi yatainuka. Lakini yale yaliyoungua kwa sukari hayainuki. Seli zikishakufa utando nao umekufa, na bila utando hakuna osmosisi. Maji yatapita tu kama kwenye chujio.

Mwaka uliofuata yule mama alipata tena kazi ya harusi, na safari hii nilikwenda mwenyewe kwake Alhamisi asubuhi, saa kumi na mbili kasoro, nikashika ndoo. Alinipimisha sukari kijiko kwa kijiko, yeye amesimama nyuma yangu anahesabu kwa sauti. Nilipofika cha kumi akanyoosha mkono, akachukua kopo la sukari, akaenda kulifungia kabatini. Jumamosi mawaridi yalikuwa wima. Mawili tu yaliinama, akayatoa, akanipa mimi nikampelekee mke wangu.

Juma lijalo, saa kama hizi, mwenzangu atazungumza nanyi juu ya kuhifadhi mbegu za vitunguu. Mimi nawaaga. Kwaherini.